Nimeitumia 116 kwa mabinti wawili wa kaya moja

Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya kata, vijijini mkoani Shinyanga, Tanzania. Naandika tathmini ya huduma ambayo mtu huitafuta pale anaposikia kwamba ng'ombe wa mahari wameingia uani kwa jirani na binti wa mle ndani bado ni mtoto. Nimeipitia yote: kupiga simu 116, ile namba ya msaada kwa mtoto, kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kukaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Nimeipitia kwa mabinti wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja. Mmoja yuko darasani kwangu leo. Mwingine ni mke wa mtu.

Nitangulize ninachokiamini ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho akichukue: huduma hii ni nzuri sana kwa binti aliye mwanafunzi, na ni dhaifu mno kwa binti asiye mwanafunzi. Anayepokea simu hana kosa katika hilo. Chanzo ni Sheria ya Ndoa tuliyoiacha ibaki kama ilivyoandikwa mwaka 1971.

Habari za binti wa kwanza zilinifikia kwa karatasi. Shuleni tuna sanduku la maoni, lile la mbao lenye kufuli, na mimi ndiye ninayelifungua. Siku hiyo nilikuta ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu, umekunjwa hadi ukawa mdogo kama njugu. Uliandikwa kwa kalamu nyekundu: jina la binti wa kidato cha pili, kisha "anaolewa likizo, ng'ombe wamekuja, usiseme ni mimi". Ule mwandiko niliujua tangu herufi ya kwanza, maana ndio ninaousahihisha kila wiki, lakini mwenye kuandika hajawahi kuulizwa na hataulizwa.

Nilipiga 116 jioni ileile. Simu haikatwi hata senti, unaweza kupiga salio likiwa sifuri. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Kabla ya kuniuliza mimi ni nani, aliniuliza: "Mtoto yuko wapi sasa hivi? Usiku wa leo yuko salama?" Hilo swali lilinipa imani na huduma nzima. Halafu ndipo akaanza kuchukua maelezo: umri, shule, kidato, kijiji na kitongoji, harusi imepangwa lini, nani ndani ya familia anaweza kusimama upande wa mtoto, na kama kuna mtu mwingine ameshaarifiwa. Akaniambia jina langu si lazima nilitaje nisipotaka. Nililitaja. Mwalimu akificha jina, mwanafunzi aliyeandika karatasi ajifiche wapi?

Kwa wasiojua, 116 ni namba ya taifa ya huduma ya simu kwa mtoto, inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali. Wenyewe hawaji kijijini na gari. Kazi yao ni kusikiliza, kushauri, na kuliingiza jambo lako kwenye mkono wa mtu anayewajibika wilayani, yaani afisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu wanadhani watapiga simu na king'ora kitasikika. Hakitasikika. Kitakachotokea, ikiwa wilaya yako iko hai, ni kupigiwa simu na afisa ustawi. Mimi nilipigiwa asubuhi kabla ya kipindi cha pili.

Walikuja watatu: afisa ustawi, mtendaji wa kata, na askari wa kike wa dawati aliyevaa gauni na kanga kama mtu aliyekuja msibani. Hilo nalo nalisifu. Angekuja na sare na bunduki, binti angefichwa kabla pikipiki haijapita daraja la mto. Tulimkuta mzee uani. Tukaamkiana, mwangaluka, tukaletewa viti. Afisa ustawi hakuanza kwa kufoka. Aliuliza habari za mvua, za mifugo, halafu akauliza ng'ombe wapya wametoka wapi.

Nataka niseme jambo kuhusu yule mzee, kwa sababu huwa tunawaandika akina baba hawa kama wanyama. Hakukataa. Alisema: "Mwalimu, kaka yake anaoa. Wakwe zake wanataka ng'ombe 14. Mimi ninao 4. Wengine nitawatoa wapi?" Kwa hesabu zake, binti ndiye alikuwa mlango wa kaka kuoa. Ng'ombe wanaingia huku kwa binti, wanatoka kule kwa mkwe wa kaka. Anayedhani kampeni ya fulana na mabango itaivunja hesabu hiyo peke yake hajakaa na watu hawa.

Kilichoivunja siku ile ni karatasi aliyokuwa nayo yule askari. Ilikuwa nakala ya marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliyofanywa mwaka 2016, kifungu cha 60A, ameipigia mistari kwa wino wa bluu. Akaisoma kwa Kiswahili chepesi, akisimama kila sentensi ili mtafsiri wa Kisukuma amfuate. Ni kosa mtu yeyote, kwa hali yoyote ile, kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Anayeoa, kifungo miaka 30. Anayesaidia au kushawishi, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Aliposema "anayesaidia", mshenga aliyekuwa amekaa pembeni akinyoa kijiti kwa kisu aliacha kunyoa.

Ng'ombe waliondoka kabla jua halijazama. Mzee aliandika ahadi mbele ya mtendaji wa kata, akaweka dole gumba. Binti akapelekwa kwa shangazi yake kijiji cha pili hadi shule zilipofunguliwa, na afisa ustawi akawa anapiga simu kwa shangazi kumjulia hali. Januari alirudi darasani. Kwa kazi hiyo yote, kuanzia ile simu hadi ile kanga ya askari, natoa nyota tano bila kusita, na kama kuna mtu wa kumshukuru, namshukuru kwa moyo wangu wote.

Sasa nije kwa binti wa pili.

Huyu ni binamu yake, mtoto wa marehemu kaka wa yule mzee. Analelewa palepale na baba yake mdogo. Alikuwa na miaka 16. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani anateka maji na kulea watoto wa shangazi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakufaulu, maana walimu wake wa msingi walikuwa wakimsifia kwa hesabu, alinijibu maneno machache tu: "Niliambiwa nikosee."

Walimu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ni jambo tunalolijua. Binti anafika darasa la saba, anaitwa pembeni na mama mkubwa au bibi, anaambiwa ukifaulu utatutia gharama, jaza majibu yasiyo sahihi. Tangu mwaka 2016 sekondari hadi kidato cha nne haina ada, kwa hiyo hoja ya ada imepungua nguvu, ila michango, sare, na umbali vipo. Kuna sababu nyingine pia ambayo haitamkwi kwa sauti: aliyefaulu ni mwanafunzi, na mwanafunzi ana miaka 30 ya jela nyuma yake. Aliyefeli hana. Watu wa vijijini wanaijua sheria vizuri kuliko tunavyodhani. Wanajua hata sehemu yenye tundu.

Ng'ombe wa binti wa kwanza walipoondoka, kaka bado alikuwa anaoa. Deni lilihamia kwa binamu.

Nikapiga 116 tena. Nilipokelewa vilevile, kwa maswali yaleyale, kwa utu uleule. Jambo likapelekwa wilayani. Lakini safari hii aliyelishika wilayani alikuwa mtu mwingine, na kituo cha polisi nilichoitwa nitoe maelezo kilikuwa kingine, sitakitaja. Chumba cha dawati kilikuwa kizuri, kina mlango wake wa pembeni ili mtu asipite kaunta mbele ya walevi na wezi wa kuku, kina kiti cha mtoto na picha za wanyama ukutani. Askari alifungua daftari, akaandika jina la binti, umri, kijiji. Halafu akauliza: "Anasoma shule gani?"

Nikasema hasomi, alimaliza darasa la saba.

Kalamu ikawekwa chini. Naikumbuka vizuri kwa sababu haikuangushwa wala kutupwa, iliwekwa taratibu pembeni ya daftari, na mazungumzo yakabadilika kuanzia hapo. Ikawa si kesi tena, ikawa ushauri. "Mwalimu, huyu ana miaka 16. Wazazi wameridhia. Mimi nitamkamata mtu kwa kosa gani?"

Na kwa kitabu alichokuwa nacho mezani, hakuwa anatunga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inaweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Kifungu hichohicho kinaruhusu mahakama kutoa kibali hata kwa aliyetimiza miaka 14 kama kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake ili aolewe, baba akiwa amefariki basi mama, na wote wakiwa wamefariki basi mlezi. Ukienda kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130 kinachohesabu kumwingilia binti wa chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji, hata akiwa amekubali, kinamwondoa aliye mke wa mtu mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Yaani kitendo kilekile, kwa mtoto yuleyule, Jumamosi ni ubakaji na Jumapili baada ya sherehe ni unyumba. Halafu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu yeyote wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria hizi zote ni za nchi moja na zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Afisa anachagua ipi aifungue kwanza, na afisa mwenye kesi nyingi na mafuta haba ya pikipiki atafungua ile iliyo rahisi kushinda.

Nilimwambia kuhusu hukumu. Rebeca Gyumi, mwanasheria na mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliishitaki Serikali kwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vinakwenda kinyume na Katiba kwa kumbagua msichana. Haikuishia kulaumu. Iliipa Serikali mwaka mmoja irekebishe, umri uwe miaka 18 kwa wote wawili. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine hapa nchini, ikaitupilia mbali rufaa ile.

Yule askari alinijibu kwa heshima: "Hukumu naijua, mwalimu. Lakini kitabu nilichopewa bado kinasema 15."

Oktoba 2024 hukumu ile ya Rufani ilitimiza miaka 5, na vifungu vile vilikuwa havijaguswa na Bunge. Miaka 5 ni muda wa binti kuingia darasa la kwanza na kufika la tano. Kwa aliyekuwa na miaka 13 siku hukumu inasomwa, ni muda wa utoto wake wote uliosalia. Nimewasikia wabunge wakisema suala hili linagusa dini na mila hivyo linahitaji maoni zaidi. Mimi pia ni mtu wa dini na ni mtoto wa mila hizi, nimetolewa mahari mwenyewe. Nikiwa na miaka 24. Mahari haikupungua heshima kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza chuo.

Basi nikajaribu njia zilizobaki. Kama unasoma hapa kwa sababu una binti wa namna hii mikononi, sehemu hii isome kwa makini, maana njia zipo hata kama ni nyembamba.

Ya kwanza ni ile ridhaa ya kifungu cha 17. Baba yake binti alikwishafariki, kwa hiyo mwenye neno kisheria ni mama, na baba mdogo hana. Mama yupo Mwanza, anauza dagaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilipolitaja hilo, afisa alishangaa, akampigia mama simu palepale kwa sauti ya kusikika. Mama alinyamaza kidogo, akasema: "Waamue wazee. Mimi nina sauti gani kwenye ukoo wa watu?" Afisa akaandika kwamba mama ameridhia. Mimi sikuisikia ridhaa pale. Nilimsikia mjane aliyefundishwa kwamba mtoto ni wa ukoo, na kama angeitwa ofisini, akaelezwa kwamba sheria inampa yeye neno la mwisho, huenda angesema jingine. Simu ya dakika mbili haiwezi kufanya kazi hiyo.

Ya pili ni ridhaa ya binti mwenyewe. Kifungu cha 16 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinasema hakuna ndoa bila kila mmoja kuridhia kwa hiari yake. Hiki ndicho kifungu kizuri kuliko vyote kwa binti asiye mwanafunzi, na ndicho kilichotumiwa vibaya kuliko vyote. Binti aliitwa, akasimamishwa katikati ya chumba, baba mdogo amekaa kiti cha mbele yake, mshenga mlangoni. Akaulizwa: "Wewe umekubali kuolewa?" Akasema ndiyo. Aliisema akitazama miguu ya baba mdogo. Nikaomba aulizwe tena akiwa peke yake na askari wa kike. Nikaambiwa ameshajibu.

Hapo ndipo ninapoondoa nyota, na ninaziondoa nyingi. Kwa Sheria ya 1971 nalilaumu Bunge. Lakini kumuuliza mtoto kama ameridhia mbele ya mtu anayemlisha, hilo halikusababishwa na Bunge. Chumba cha pembeni kilikuwepo, chenye kiti cha mtoto na twiga ukutani. Kingetumika. Kwa ofisi ile, siku ile, nyota moja, na hiyo moja ni ya yule askari aliyekuwa na ukweli wa kuniambia kitabu chake kinasemaje badala ya kunizungusha njoo kesho.

Harusi ilifungwa kimila. Sikwenda.

Kuna mambo mengine niliyoyaona kwa kuwa karibu na huduma hii ambayo sijayaona yakisemwa vya kutosha.

Ile miaka 30 inafanya kazi kubwa kabla ya ndoa, kama mlivyomwona mshenga akiacha kunyoa kijiti chake. Baada ya ndoa au mimba inageuka. Shahidi wa kwanza ni binti, wa pili ni mama yake, na mshtakiwa ni kijana wa kitongoji kilekile ambaye mama yake wanachota maji kisima kimoja. Mama anaambiwa ukisimama mahakamani mtoto wa mwenzio anapotea miaka 30. Anafikiria mazishi, anafikiria nani atamsaidia kubeba maiti siku akifiwa. Siku ya ushahidi haonekani. Katika kata yetu nimeona kesi zikifa hivyo moja baada ya nyingine, hakimu akiahirisha hadi anachoka. Sisemi adhabu ipunguzwe. Nasema ofisi inayofungua kesi ya miaka 30 ijue kwamba imewabebesha mama na binti mzigo wa ukoo mzima, na isiwaache peke yao kuanzia siku ya maelezo hadi siku ya hukumu.

Umri nao. Kila mlango utakaogonga utaulizwa cheti cha kuzaliwa. Siku hizi RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi, inasajili watoto wa chini ya miaka 5 bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na hilo ni jambo kubwa kwa miaka ijayo. Mabinti wa leo wenye miaka 14 na 15 hapa kwetu wengi hawana. Watu wa upande wa muoaji watakuambia ana 18, "si unamwona mwili wake". Niliokolewa na rejista ya shule ya msingi na kadi ya kliniki iliyokuwa imefungwa kwenye nailoni juu ya kenchi, imeliwa na mchwa pembeni lakini tarehe inasomeka. Walimu wa msingi, tafadhali msichome rejista za zamani.

Na mahali pa kulala. Binti wa kwanza alikuwa na shangazi mwenye msimamo. Asingekuwa naye, sijui tungempeleka wapi usiku ule, maana wilayani kwetu hakuna nyumba salama. Mkoa wa Mara wanazo, zile za Hope for Girls and Women zilizoanzishwa na Rhobi Samwelly, zinazowapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji na ndoa. Kwetu mkoani kuna Agape katika Manispaa ya Shinyanga, wanaosomesha mabinti waliokatishwa shule kwa mimba na ndoa. Ni kazi ya kuinamia. Lakini mkoa wetu ni mpana, na binti anayekimbia usiku kwa miguu hafiki mjini.

Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu mmoja kati ya watatu. Nikiingia kidato cha kwanza na kutazama madawati ya wasichana, siwezi kuiondoa namba hiyo kichwani.

Kuna jambo moja linanipa tumaini la kweli, nalo limetoka kwenye elimu. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ikitekelezwa inavyosomeka, ule mtihani wa kufeli makusudi utapoteza maana, kwa sababu hakutakuwa na kufeli kunakomtoa binti shuleni akiwa na miaka 13. Kila binti atakuwa mwanafunzi hadi kidato cha nne, na kile kifungu cha 60A kitamfunika. Ni njia ya kuzunguka nyuma ya nyumba wakati mlango wa mbele, Sheria ya Ndoa, umefungwa. Naipokea kwa mikono miwili. Bado nataka mlango wa mbele ufunguliwe, maana yupo atakayeacha shule kwa ugonjwa, kwa ulemavu usio na shule ya karibu, kwa kuhama na mifugo, na huyo naye ni mtoto.

Binti wa pili ana mtoto mchanga sasa. Nilimwona gulioni, ananunua chumvi. Aliniamkia shikamoo mwalimu, ingawa sikuwahi kumfundisha. Waraka wa mwaka 2021 uliwaruhusu mabinti waliopata ujauzito kurudi shule, lakini yeye hakuwahi kufika sekondari arudi wapi, kwa hiyo nimemweleza kuhusu madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yanayofundisha sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Alisema atamuuliza mume wake. Nimemwachia namba.

Kwa atakayepiga 116 baada ya kusoma hapa: piga mapema, usingoje ng'ombe wafike. Ukiwa na jina la kitongoji na la mtendaji, vizuri. Usipokuwa nayo, piga hivyohivyo. Andika tarehe na jina la kila mtu unayezungumza naye, kuanzia kijijini hadi wilayani, kwa sababu faili hupotea na daftari lako halipotei. Ukifika dawati, omba binti asikilizwe peke yake kabla ya mzazi kuingia, na uombe iandikwe kwamba umeomba. Kama baba amefariki, sema kwa sauti kwamba mwenye ridhaa ni mama, na aitwe kwa miguu yake. Taja kifungu cha 16. Chukua msaidizi wa kisheria kama kata yenu inaye, wanajua milango.

Na kwa walimu wenzangu: kuanzia Septemba watoto wanapomaliza mtihani wa darasa la saba hadi Januari kidato cha kwanza kinapofunguliwa, binti hayuko kwenye rejista ya mtu yeyote. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, bandikeni shuleni lakini pia chukueni nakala, mpeleke kwa mtendaji wa kata na kwa askari wa dawati kabla ya Krismasi. Mwaka jana tulifanya hivyo. Januari mabinti kadhaa waliochaguliwa walikuwa hawajaripoti, na askari alipokwenda kwenye kaya zao alikuwa na orodha yenye jina la binti na jina la shule. Hakuna aliyemuuliza kama ni mwanafunzi.